Nyashimo si Mahali pa Kupita Tu

Basi la Mwanza kwenda Musoma husimama Nyashimo kwa dakika chache. Abiria wawili watatu hushuka na mizigo yao, wachuuzi huinua mabeseni hadi madirishani, kondakta hupiga bodi, na gari linaondoka. Watu wamepita hapo miaka nenda miaka rudi bila kujua kilichopo nyuma ya safu ile ya maduka ya pembeni mwa lami. Hata mimi, mzaliwa wa Tanga niliyefanya kazi Dar es Salaam karibu utu uzima wangu wote, Usukuma niliufahamu kwa kusikia tu: ziwa, pamba, ng'ombe na, kwa mbali, Serengeti. Kaka yangu alipooa binti wa Nyashimo ndipo nikapata mwenyeji. Wifi yangu alinipa ahadi na sharti lake: "Nitakupeleka kwetu, wifi, lakini hatutakwenda kwa mbio za basi. Tutasimama kila panapostahili."

Ahadi ilitimia kiangazi, mwezi Juni ukielekea ukingoni na shule zikiwa zimefungwa. Kwa Kanda ya Ziwa huo ni wakati mzuri wa kusafiri kwa gari dogo: mvua za masika zimekoma, barabara za vumbi zinapitika, pamba iko sokoni na viazi vinaanikwa. Njia yetu ni rahisi kuieleza: Mwanza, Kisesa, Magu, Nyashimo, Lamadi, kisha kukata kulia hadi Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mwenye haraka anaweza kuimaliza kwa nusu siku. Sisi tulifunga mkeka, chupa za chai na mabegi ya nguo, tukijua tutalala njiani.

Ngoma za Bujora

Tulitoka jijini asubuhi tukapita Nyakato na Igoma, mawe makubwa ya Mwanza yakiwa bado yametuzunguka, mengine yamebeba nyumba mgongoni. Kisesa tukaacha lami tukaelekea kilima cha Bujora. Hapo ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma, kazi iliyoanza miaka ya 1950 kwa juhudi za Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, pamoja na wazee na wasanii wa Kisukuma. Enzi hizo wamisionari wengi waliona ngoma na vifaa vya mababu ni mambo ya kuachwa nyuma. Yeye alivikusanya na kuvitunza, na kanisa la Bujora likajengwa kwa umbo la mviringo kufuata nyumba ya Kisukuma.

Mwongozaji wetu, kijana mtaratibu asiye na papara, alituanzisha kwenye makazi: nyumba ya msonge, ghala la nafaka, nyumba ya mhunzi na nyumba ya mganga wa jadi. Kisha akatuingiza katika jengo lililonivutia kuliko yote, banda la watemi, ambalo limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ndani yake zimehifadhiwa ngoma na vifaa vya kitemi vya tawala za Usukuma. Niliinama kuitazama ngoma moja kwa karibu. Ngozi yake ilikuwa imekakamaa na kuwa nyeusi pale mikono ilipozoea kupiga, na ubavuni mti wake uling'aa kwa kushikwashikwa. Nikafikiria ni vizazi vingapi vimesimama kuusikiliza mlio wake kabla sisi hatujauweka nyuma ya kamba.

Lakini Bujora si nyumba ya vitu vilivyokufa. Kila mwaka mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, hufanyika tamasha la Bulabo, na hapo makundi mawili makubwa ya ngoma za Kisukuma, Bagika na Bagalu, hukutana. Simulizi zinasema chimbuko lake ni wachezaji na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ngoma na dawa. Utaratibu wa mashindano umebaki uleule: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Hakuna jopo la majaji, wala kadi za alama. Ndiyo maana wachezaji hubuni kila mbinu ya kuteka macho, wengine wakicheza na chatu, wengine, Bagobogobo, wakirusha majembe hewani na kuyadaka huku wakilima kwa mapigo ya ngoma.

"Babu yangu alikuwa Mgalu," wifi akaniambia tukirudi garini. "Shambani alikuwa hawezi kulima bila ngoma." Nililiwaza neno hilo njia nzima. Jamii iliyoweza kuigeuza kazi ngumu ya jembe kuwa mchezo wa kushangiliwa ilikuwa imekwisha kutatua jambo ambalo maofisa wengi wa leo bado wanahangaika nalo.

Mizani ya pamba

Baada ya Kisesa nchi inafunguka. Mawe yanapungua, majaruba ya mpunga yanaonekana mabondeni, na karibu na mji wa Magu tunavuka mto Simiyu, ule uliolipa jina lake mkoa. Mto huu huteremka kutoka upande wa Serengeti na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Speke. Wakati wa masika hujaa kwa kishindo, ila kiangazi hicho tuliukuta ni mchanga mpana wenye mkondo mwembamba, na wavulana wakinywesha ng'ombe.

Mbele kidogo ya Magu wifi akaegesha gari kando ya ghala la chama cha msingi cha wakulima, AMCOS. Nje yake kulikuwa na mikokoteni ya ng'ombe iliyosheheni mafurushi ya pamba yaliyofungwa kwa mashuka. Nilikuwa sijawahi kuishika pamba mbegu kwa mkono wangu. Mama mmoja akanifungulia furushi lake: nyuzi laini zimeng'ang'ania punje ngumu ndani, hata ukivuta kwa nguvu hazitoki. Akanionyesha namna ya kuchambua. Nyeupe na kavu ni pamba safi, inawekwa huku. Iliyobadilika rangi au kuguswa na wadudu ni fifi, inawekwa kule, na bei yake ni ya chini. Mikono yake ilikuwa ikichambua bila yeye kuitazama, huku akiniuliza habari za Tanga.

Kila furushi lilipopandishwa kwenye mizani, macho ya watu wote yalikwenda kwenye mshale. Hakuna aliyezungumza hadi karani aliposoma kilo kwa sauti na kuziandika. Mizani hii ina historia ndefu hapa Usukuma. Miaka ya 1950 mwanzoni, wakulima waliochoka kupunjwa na wanunuzi walianza kuchagua watu wao wenyewe wa kusimamia upimaji. Kutokana na vuguvugu hilo, mwaka 1955, ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya Paul Bomani, na ukakua hadi kuwa moja ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika vilivyomilikiwa na Waafrika. Bomani baadaye akawa waziri na balozi. Ushirika wa pamba wa Usukuma, ambao vitabu vya shule huueleza kwa majina ya vyama na miaka, ulianzia kwa watu waliosimama wakikodolea macho mshale kama hawa.

Mzee mmoja aliyekwisha kupima pamba yake alitueleza kwamba kazi haiishii hapo. Kabla ya katikati ya Septemba kila mkulima anatakiwa ang'oe miti ya pamba na kuichoma, ili funza na wadudu wengine wasipate pa kujificha hadi msimu ujao. Novemba ataanza tena kupanda. "Pamba haina likizo," akasema, akafunga shuka lake tupu na kumswaga ng'ombe wake.

Nyashimo kwa mguu

Tuliingia Nyashimo jua likielekea kuzama. Mji umejipanga kando ya lami: maduka ya vifaa vya ujenzi, mashine za kusaga, vibanda vya sato wa kukaanga, bodaboda zikisubiri wateja chini ya mti. Ni makao makuu ya Wilaya ya Busega, wilaya changa iliyomegwa kutoka Magu na kuingia katika Mkoa wa Simiyu mwaka 2012. Kabla ya hapo wakazi wake walikuwa watu wa Mkoa wa Mwanza, na wazee wengi bado husema "sisi wa Magu" pasipo kufikiri.

Kwao wifi ni mwendo mfupi kutoka barabarani, kwenye boma lililozungushiwa ua wa minyaa. Mama yake alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Wifi yangu, ambaye Dar es Salaam anasimamia ofisi yenye watu wengi chini yake, alipiga magoti pale pale kwenye mchanga.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu."

Mimi nikapiga magoti pia, nikasema shikamoo mama, naye akanishika mikono yote miwili na kuniuliza kuhusu mama yangu, baba yangu, watoto, mvua za Tanga na bei ya nazi. Hakuna swali lililoulizwa kwa haraka, na kila jibu lilisubiriwa. Usiku tulikula ugali wa udaga kwa sato wa mchuzi na nsansa, mboga ya majani ya kunde iliyokaushwa na kupikwa kwa karanga. Mama alipoona nimeongeza mboga, aliagiza nifungiwe nyingine ya kuondoka nayo.

Asubuhi yake ndipo nilipoona jambo ambalo nisingeliona kupitia dirisha la basi. Nyuma ya nyumba kuna jabali pana, limelala sawa na ardhi, na juu yake palikuwa pametandazwa viazi vitamu vilivyokatwa. Upande mmoja vilikuwa vyeupe, upande mwingine vya rangi ya asali. Mama akanikalisha kando yake nimsaidie. Vyeupe ni michembe: kiazi kibichi humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Vya rangi ya asali ni matobolwa: kiazi huchemshwa kwanza, ndipo kikakatwa na kuanikwa. Kisu chake kilikuwa kimelika hadi kubaki ubapa mwembamba, lakini kila kipande kilitoka sawa na mwenzake. "Kikiwa kinene ndani kinaoza, kikiwa chembamba sana kinavunjika," alisema, akanirekebishia kipande changu kilichokuwa kinene.

Jabali hufanya kazi ambayo mkeka hauwezi. Hushika joto la mchana na kuendelea kulitoa hata jua likishapungua, kwa hiyo viazi hukauka juu na chini. Baada ya siku kadhaa za jua kali, michembe na matobolwa huwekwa ghalani na kudumu miezi mingi. Michembe itapikwa na kupondwa kwa karanga, matobolwa yataliwa na chai ya asubuhi au kufungwa kwenye mfuko wa mtoto anayekwenda kuchunga. Katika nchi ambayo mvua hukosea mara kwa mara, jabali lile na kisu kile ni bima ya kaya. Mama alizivuka njaa za zamani kwa viazi hivi, na aliyataja majina ya miaka ya njaa hizo bila kulalamika, akiendelea kukata.

Alasiri tukashuka ziwani. Busega ina ufukwe mrefu wa Ghuba ya Speke, iliyopewa jina la Mwingereza John Hanning Speke aliyelifikia ziwa hili upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 na kulipa jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa na jina lao, Nyanza. Kwenye mwalo tuliwakuta akina mama wakigeuza dagaa waliotandazwa juu ya mchanga na juu ya vichanja vya nyavu. Wale wa kwenye vichanja ni wasafi na bei yao ni nzuri zaidi; wale wa mchangani wengi huishia kwenye chakula cha kuku. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti samaki, kwa hiyo wavuvi hupumzika, huziba mitumbwi na kushona nyavu. Kalenda ya mwalo mzima, kuanzia madeni hadi harusi, inafuata mwezi.

Nassa nayo iko katika wilaya hii. Ni moja ya vituo vya kale vya misheni upande huu wa ziwa. Kilianzishwa na Waanglikana wa CMS karne ya 19, kisha mwaka 1909 kikachukuliwa na Africa Inland Mission, na kutoka hapo likakua kanisa la AIC linalojulikana leo nchini kote. Shule na zahanati za mwanzo katika sehemu nyingi za Usukuma zina mkono wa misheni kama hii. Wifi alinionyesha upande iliko, akaniambia bibi yake alijifunza kusoma huko.

Nyumbu na ng'ombe

Kutoka Nyashimo hadi Lamadi ni mwendo mfupi, lakini mandhari hubadilika. Lamadi ni njia panda: moja kwa moja ni Bunda na Musoma, kulia ni Bariadi, na mbele kidogo ni lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Watanzania wengi hudhani Serengeti huingiwa kupitia Arusha tu, baada ya safari ndefu na gharama kubwa. Kumbe hapa barabara kuu inapita kando ya hifadhi, na wakati mwingine pundamilia na nyumbu huonekana ukiwa bado kwenye lami. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, na kiasi chake ni kidogo mno kuliko anacholipa mgeni kutoka ng'ambo.

Tuliingia tukazunguka tambarare za magharibi hadi mchana. Ukanda huu wa hifadhi hunyooka hadi kukaribia ziwa, na miezi ya Mei hadi Julai sehemu ya msafara mkubwa wa nyumbu hupita humu kuelekea kaskazini. Tuliwakuta katika makundi, wakilisha na kutoa ile sauti yao ya kukoroma, pundamilia wakiwa miongoni mwao. Wifi alizima gari tukakaa kimya kwa muda mrefu.

Habari ambayo ningependa kila Mtanzania aijue ni jinsi nyumbu hawa walivyofika kuwa wengi kiasi hiki. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki na kuleta njaa kubwa kwa wafugaji, na wanyamapori kama nyumbu na nyati nao wakafa kwa wingi. Ugonjwa uliendelea kuwasumbua kwa miongo kadhaa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ng'ombe wa maeneo yanayozunguka Serengeti walichanjwa, na sotoka ikatoweka kwa nyumbu pia, ingawa hakuna nyumbu aliyechomwa sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikadiriwa kuwa kama 250,000. Kufikia 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa kabisa. Kwa hiyo mfugaji wa Kisukuma, Mmasai au Mkurya aliyekubali kumpeleka ng'ombe wake kwenye chanjo ana fungu lake katika maajabu ambayo watalii huvuka bahari kuja kuyaona. Hilo halijaandikwa kwenye bango lolote nililoliona, nalo linastahili kuandikwa kwa herufi kubwa langoni.

Ujirani huo una machungu yake. Tembo hutoka hifadhini usiku na kuingia mashambani. Mkulima mmoja wa Lamadi tuliyekunywa naye chai alitueleza jinsi kazi ya msimu mzima inavyoweza kukanyagwa kwa usiku mmoja, na jinsi vijana wanavyokesha na madebe na tochi. Hakuwachukia tembo. Alichotaka ni kwamba anayefaidika na tembo amkumbuke anayelala njaa kwa sababu yao. Naona ana haki.

Njia ya Bariadi

Barabara ya Lamadi hadi Bariadi, yenye urefu wa kama kilomita 72, ni ya lami, na sasa mtu huipita kwa saa moja na kitu. Sisi tulichukua siku karibu nzima, na hatukuijutia hata dakika moja. Ng'ombe ni wengi kuliko magari. Makundi yanavuka yakiongozwa na watoto wenye fimbo, na dereva mwenye adabu husimama bila kupiga honi na kusubiri.

Kati ya mashamba yaliyovunwa nilianza kuona vipande vya majani marefu na miti midogo ambavyo hakuna mnyama aliyevigusa. Wifi akanieleza kuwa hizo ni ngitili, malisho ambayo kaya au kijiji hufunga wakati wa masika na kuyafungua kiangazi kikikaza. Ni utaratibu wa jadi ambao ulidhoofika sana karne ya 20, miti ilipofyekwa kwa ajili ya kupambana na mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Mradi ulifanikiwa kwa sababu haukuleta mbinu ngeni. Ulirudisha ngitili, ukaziacha mikononi mwa wenyewe, na maelfu kwa maelfu ya hekta yakaota tena miti, majani na dawa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo liliutambua kwa tuzo ya Equator mwaka 2002. Ukiisafiri njia hii kiangazi utaona matokeo kwa macho yako: upande mmoja ardhi imebaki vumbi, upande wa pili wa ua kuna majani ya kumfikisha ng'ombe hadi vuli.

Tulipita Dutwa, ambako milima yake na ile ya Ngasamo imejulikana kwa madini ya nikeli, kisha Nyakabindi, penye viwanja vilivyopokea maonyesho ya kitaifa ya Nanenane kwa miaka ya 2018, 2019 na 2020. Bariadi tulifika jioni. Ni mji wa biashara, wenye soko lenye mchele, dengu, choroko na mahindi yaliyopangwa kwa madebe, na watu wasiochoka kukuuliza umetoka wapi.

Hapo ndipo nilipouliza kuhusu Gamboshi. Kijiji hiki kimo wilayani Bariadi, na nchi nzima hukitaja kuwa makao makuu ya wachawi. Nilitarajia kusimuliwa vioja. Muuza choroko aliacha kupima, akanitazama, akasema: "Dada yangu, Gamboshi wanalima pamba kama sisi. Watoto wao wanasoma. Jina hilo linawaumiza." Nikakaa nalo hilo. Tuhuma za uchawi si hadithi ya kuchangamshia safari katika nchi ambayo bibi wazee wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi wakipikia wajukuu. Msafiri mwema huenda kijijini kuonana na watu, na akirudi huwa na wajibu wa kusema alichokiona badala ya kuuza alichokisikia.

Neno kwa anayefikiria kwenda

Safari hii imenifundisha kwamba njia ya Mwanza hadi Bariadi ina kila kitu ambacho tunatangaziwa kukifuata mbali: historia, sanaa, ziwa, wanyama na chakula cha asili. Kinachokosekana ni mtu kusimama. Tunapoongelea utalii wa ndani, fikra zetu hukimbilia malango makubwa na hoteli za bei, wakati mwalo wa dagaa, ghala la pamba na jabali la viazi haviombi kiingilio na vina mengi ya kufundisha.

Kwa halmashauri za Magu, Busega na Bariadi nina ombi. Wekeni vibao njiani vinavyomwonyesha mgeni palipo na makumbusho, mwalo, ngitili na kituo cha kale cha Nassa. Wekeni choo safi na kibanda cha kuuzia matobolwa, michembe na dagaa wa vichanja, ili fedha ya msafiri ibaki kwa mama aliyekata na kuanika. Wafundisheni vijana wachache kuongoza wageni, kama yule wa Bujora anavyoongoza. Hayo yote hayahitaji bajeti ya kutisha.

Kwa msomaji, ushauri wangu ni huu. Nenda kati ya Juni na Agosti. Ukiweza, wahi tamasha la Bulabo mwezi Juni. Lala Nyashimo au Lamadi, nyumba za wageni zipo na bei zake ni za kawaida. Beba noti ndogo ndogo, kwa sababu muuza viazi hana chenji ya noti kubwa. Jifunze salamu kabla ya kuuliza bei, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usiendeshe usiku maana ng'ombe hawana taa. Wape watoto nafasi ya dirishani, na usipange kufika mapema.